Jiwe la Kutazama Ziwa

Zamani, nilipokuwa bado na meno yangu yote, kulikuwa na mpiga picha kule Aru, upande wa soko, ambaye hakuwa na chumba cha kupigia picha. Alikuwa na shuka. Aliitundika kwenye ukuta wa nyuma wa duka la mtu mwingine, na juu ya shuka hiyo alikuwa amechora mji mzima: magorofa, barabara yenye taa, gari jekundu, na pembeni bahari ya rangi ya buluu ya kufulia nguo. Watu walitoka mbali kuja kusimama mbele ya mji ule. Niliona bibi harusi ameweka mkono juu ya lile gari, na kwa sababu gari lilichorwa dogo, alionekana kama mtu anayetaka kulitia kwenye kikapu aende nalo nyumbani.

Mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, tulikuwa tunapeleka vitunguu Ariwara. Lori lilikuwa limeharibika, au tuseme dereva ndiye aliyeharibika, maana alikuta bia ya Uganda akasema injini imechoka. Tukakaa Aru kungoja dereva apone. Nikapanga mstari kwa mpiga picha, na zamu yangu ilipofika nikamwita yaya tusimame pamoja.

— Yaya, kuya hapa, simama.

— Hapa ni wapi?

— Ni picha tu.

— Minauliza, hapa ni wapi? Kesho mutu akiniuliza, ile fasi ulisimama ni wapi, nitamujibu nini?

— Umujibu ni Ulaya, akasema mpiga picha.

— Mimi sijafika Ulaya.

— Njo sababu nimekuletea Ulaya Aru, baba! Simama, batu banangoja.

Mstari mzima ukacheka. Yaya akatoka, akaenda kukaa juu ya gunia lake la vitunguu, akawapa mgongo. Kwa hiyo kwenye ile picha nilikuwa peke yangu Ulaya, kamba ya kiatu kimoja imefunguka. Ilining'inia nyumbani miaka mingi, mpaka ilipoungua pamoja na ukuta wake.

Sijui kwa nini nimeanza na shuka ya yule bwana. Nilitaka kusema habari za msichana wa iniversite, chuo kikuu, aliyekuja kwenye kambi ya waliokimbia vita hapa Bunia kutuuliza mahali tunapopenda. Lakini nikimfikiria yaya, namwona kwanza vile, amekaa juu ya gunia, amegeuza uso upande wa kwetu. Hakupenda mahali asipopajua. Watu walisema ni ushamba. Labda. Mimi niliyefika Ariwara, Mahagi-Port, hata ng'ambo ya ziwa, sikumpita akili kwa lolote, nilimpita tu kwa madeni na magonjwa.

Kwetu ni Djugu, upande wa mwisho wa milima, pale ambapo nchi inakatika na kushuka moja kwa moja kwenye Ziwa Albert. Ukiwa pale hujui kama ziwa lipo mpaka ufike ukingoni. Unatembea kwenye majani, unapita mashamba ya viazi, unapita miti ya kalitusi, halafu ghafla chini yako kuna maji, mapana, na mbali kabisa milima ya Uganda kama moshi. Kwenye ukingo huo kuna jiwe. Si kubwa la kutisha. Ni jiwe pana, jeusi, limelala kama ng'ombe aliyeshiba, na juu limechongwa mashimo ya mangola, ule mchezo wa kuhamisha mbegu, na aliyeyachonga hakuna anayemjua.

Siku ya Mungu, misa ikiisha, wanaume walikula, halafu walienda jiweni. Wa mjini wanasema kupunga hewa. Siye tulisema kwenda jiweni, basi. Ukiniuliza tulikuwa tunafanya nini kule, sina jibu la maana. Tulicheza mangola. Tulisikiliza redio ya yaya, ambayo ilikohoa kuliko ilivyosema. Tulitazama mvua ikitoka Uganda, tukabishana kama itafika kwetu au itaishia majini. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila mara alisema itafika, na ilipokosa kufika alisema imefika kwa jirani. Jua lilipolala tulirudi. Hakuna aliyepata kitu kule, na hakuna aliyekosa kwenda.

Kila mtu alikuwa na nafasi yake juu ya jiwe. Hakuna aliyeigawa, ilijigawa. Ya yaya ilikuwa upande wa kusini, penye kibonde kidogo kinachotosha makalio ya mtu mmoja. Mtoto wa kiume akioa, baba yake anampeleka, anamkalisha kando yake, na kuanzia hapo ana nafasi. Mtu akifa, nafasi yake haikaliwi. Watu wanaiacha wazi, hata mvua ikinyesha na wote wanajibana upande mmoja chini ya turubai. Halafu matanga yakitaka kufungwa, yule wa karibu zaidi na marehemu anakwenda jiweni asubuhi na watu wake, anakaa kwenye ile nafasi mpaka jua lipande, wanamnyoa nywele na ndevu palepale, na nywele zinachukuliwa na upepo wa ziwa. Njo hapo tunasema fulani amelala. Kabla ya hapo, kwetu, maiti amezikwa lakini hajalala, na wewe uliyefiwa huoi, husherehekei, hujengi, hunyoi.

Watu wenye silaha walipofika kijijini kwetu, mimi nilikuwa hospitali hapa Bunia, nimepasuliwa ngiri. Nasema wazi, ni ngiri, watu wanaona aibu lakini ni ugonjwa kama mwingine. Yaya alikimbia na mkewe. Mtoto wao wa kiume, mtu mzima tayari, wa pekee aliyebaki, alirudi nyuma kufungulia mbuzi. Waliomzika ni majirani waliochelewa kukimbia, nyuma ya nyumba, haraka. Mke wa yaya alifika Bunia kwa miguu, akaugua, hakumaliza mwaka. Yeye tulimzika hapa, na wazee wakakubali kwamba hakuwa na nafasi jiweni, basi matanga yake yafungwe kwa sala. Lakini mtoto alikuwa na nafasi. Ilikuwa kando ya kile kibonde cha baba yake.

Na kule wale wenye silaha walikuwa bado wapo, kwa hiyo yaya hakunyoa. Alikuja kukaa kambini, kwenye kibanda cha bashi, yale maturubai ya msaada, ndevu zikishuka mpaka kifuani. Mimi nilikuwa nimepata chumba kwa binti yangu mjini, nikamwambia aje tukae wote. Alikataa. Alisema mtu mwenye matanga hakai katika nyumba ya watu. Kambi si nyumba, hiyo aliweza.

Mama jirani yake, mwanamke mwenye ulimi aliyeuza lengalenga, mboga ya majani, mlangoni kwake, alimtania kila siku.

— Muzee, zile ndevu utafunga nazo mbuzi?

— Niletee mbuzi kwanza.

— Kata hata kidogo basi, ile supu unabakiza mule ingelisha batoto bangu!

Yaya alicheka. Alikuwa anacheka, msifikiri alikuwa mtu wa kulia. Aliamka asubuhi, akasimama nyuma ya kambi, akatazama upande wa kaskazini, halafu akarudi kuulizia kazi.

Basi, huyo msichana wa iniversite. Alikuja mwanzoni mwa kiangazi, mnene kidogo, viatu vyake vimejaa vumbi letu, sauti ya heshima. Watu walimwita mamzele. Alitukusanya chini ya hangari ya mikutano akatueleza kazi yake. Anatafuta kujua mtu anafungwaje na mahali. Si shamba kwa ajili ya chakula, si nyumba kwa ajili ya mvua. Mahali pa kupumzika tu, pa kutembea, pa kukaa nje na kutazama. Mtu anapapendaje, na akipakosa anakuwaje moyoni.

Mzee mmoja akauliza kama serikali inajua kwamba anauliza hivyo. Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Alisema wazi, tena na tena: hii ni masomo, haina msaada ndani yake, asiyetaka asijibu. Mimi nilisikia kwa masikio yangu, siwezi kumsingizia. Lakini kambini neno lile tulilizoea. Aliyekuja kuuliza habari za nyumba zilizoungua alisema hana msaada, halafu zikaja bashi. Aliyeuliza tunapikia nini alisema hana msaada, halafu zikaja sufuria. Aliyeuliza habari za magoti na migongo, zikaja mikeka. Kwa hiyo watu walikuwa wamejifunza wenyewe: kile unachoulizwa ndicho kitakacholetwa, na kukana msaada ni adabu tu ya kazi yao.

Na huyu anauliza mahali.

Siku ya pili mstari ulifika mpaka kwenye bomba la maji. Mama wa lengalenga alimweleza mwamba wa mtoni alipofulia nguo na dada zake, na jinsi walivyoogopa kuteleza, na jinsi walivyoteleza kwa makusudi. Mwingine alieleza kiwanja cha mpira chenye mteremko, ambacho timu iliyocheza chini ilikuwa imeshafungwa kabla ya filimbi. Mwingine, mtu ambaye hatujawahi kumsikia akisema sentensi mbili, alieleza mti wa avoka mpaka msichana akabadilisha betri ya kinasa sauti chake. Na wote walieleza njia ya kufika, vizuri kabisa, kushoto, kulia, ukivuka daraja la mbao, ili kitu kisipotee.

Yaya alingoja mpaka wa mwisho. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimemletea sukari.

— Papa, sasa hivi, hapa Bunia, kuna mahali unapenda kwenda kupumzika? Tunaweza kwenda wote, unanionyesha tukitembea.

— Hapa Bunia? Hapana. Lakini iko fasi minaweza kukuonyesha kwetu kwa mbali.

Tukatembea watatu, mimi nikibaki nyuma kwa sababu ya magoti na mshono wa ile ngiri, mpaka juu ya kilima kinachoangalia mji. Kutoka pale unaona mabati ya Bunia yote, na ndege ikitua, na upande mwingine milima inafuatana kuelekea Djugu mpaka macho yanachoka. Vijana wa mjini wanapanda pale jioni kupiga picha na kunywa soda. Yaya akanyoosha mkono.

— Unaona ule mulima? Haiko ule. Unaona ule ya nyuma? Haiko ile pia. Kule nyuma yake, pale macho haifike, njo kule.

Akamweleza jiwe. Alimweleza vitu ambavyo hata mimi nilikuwa nimevisahau: kwamba asubuhi lina baridi upande wa ziwa na jioni lina joto upande huo huo, kwamba lina harufu mvua ikianza. Akamweleza nafasi. Akamweleza ya mtoto.

Msichana alitazama kule alikoonyeshwa. Halafu akauliza, polepole:

— Na papa akifika pale leo, atafanya nini kwanza?

— Nitakaa kwenye nafasi ya mutoto.

— Halafu?

— Bataninyoa.

Alifuta macho na kitambaa cha shingoni. Sikumwona kama mtu mbaya, sijamwona hivyo mpaka leo. Lakini yaya alipoona yale machozi, akajua jambo limekubaliwa.

Tukishuka akaniambia:

— Umesikia? Ameuliza nitafanya nini nikifika. Si ameuliza nikifika?

— Yaya, ni masomo. Amesema mwenyewe, mbele ya watu.

— Yule wa sufuria alisema nini?

Yule wa sufuria alisema hivyo hivyo.

Nilijaribu tena, nyumbani kwa binti yangu, tukila sombe. Nikamwambia jiwe halibebwi kwenye lori. Akaniambia hakuna anayesema libebwe, watapeleka watu, na askari wa kutosha, asubuhi moja, halafu warudi jioni. Asubuhi moja tu ndiyo anataka. Binti yangu akaniangalia nisiendelee. Na kusema kweli yaya alikuwa amependeza siku zile, alikuwa anakula. Unamnyang'anyaje mtu kitu ambacho kinamfanya ale?

Akaanza kutembea. Alisema miguu imelala kambini, kule kuna mteremko, hataki imwaibishe mbele ya askari. Asubuhi alitoka, akazunguka mpaka mto Shari, akarudi kwa upande wa uwanja wa ndege. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, walimjua, wakampigia honi.

— Muzee, panda, tutakufikisha!

— Mutanifikisha wapi, munajua minaenda wapi?

— Popote, muzee, weye toa tu franga!

Mama wa lengalenga alisema amepata mwanamke ng'ambo ya mto. Akasema mwanamke gani huyo anayekubali ndevu zile. Lakini naye, nilimwona, alikuwa amefunga kanga zake nzuri pamoja na kipande cha sabuni kwa ajili ya ule mwamba wa kufulia. Kambi nzima ilikuwa inajiandaa bila kusema. Yaya alinunua wembe mpya akautia kwenye mfuko wa shati, na mara kwa mara aliugusa, kama mtu anayeangalia kama simu yake ipo.

Mvua zilianza. Msichana akarudi, kama alivyoahidi, kutuletea alichokipata. Watu walijaa hangarini mpaka wengine wakasimama kwenye maji. Yaya alikaa mbele kabisa. Alikuwa amevaa koti la misa.

Alizungumza vizuri. Alisema ametusikiliza wote, na ameona kwamba mtu aliyenyang'anywa mahali pake anaomboleza kama aliyefiwa, na si uvivu, na si ukichaa, na wakubwa wa mji wanapaswa kulijua hilo. Watu waliitikia, ndiyo, ndiyo. Alisema ameona pia kwamba kutembea na kukaa nje kunatuliza roho, hata mahali pageni. Kwa hiyo ameandika pendekezo kwamba upande ule wa kilima upandwe miti, viwekwe viti, ili sisi wa kambini tupate pa kukaa na kutazama mbali.

Mvua ikasikika juu ya bati.

Yaya akasimama. Akavua kofia.

— Mamzele, aksanti. Umesema muzuri. Ile siku ya kwenda ni lini?

— Kwenda wapi, papa?

— Kule. Jiweni.

Nilimwona msichana akielewa. Uso wake ulibadilika polepole, akatazama watu, mmoja mmoja, mama wa lengalenga, yule wa mti wa avoka, na akaona kwamba wote wanangoja jibu la lile swali. Akaweka karatasi zake chini.

— Papa, hakuna siku. Mimi sina nguvu ya kupeleka mtu. Nilikuja kuuliza tu. Nilisema... nilisema tangu mwanzo.

— Ulisema, yaya akajibu. Ni kweli, ulisema. Siye njo hatukusikia.

Mtu nyuma akapiga kelele kwamba basi alimweleza ule mti wake kwa nini. Mwingine akamwambia anyamaze, mtoto wa watu analia. Na kweli alikuwa analia, amesimama pale mbele, mikono haijui pa kwenda. Yaya akamwendea, akamshika mkono kwa mikono miwili, kama tunavyoshika mfiwa, akamwambia:

— Usilie, mutoto. Umeuliza muzuri. Hakuna mutu mwingine aliuliza.

Halafu akarudi kukaa. Mama wa lengalenga alimpelekea uji. Hakumtania. Mimi ningependa angemtania.

Nilifikiri itapita. Siku ya Mungu iliyofuata mvua ilikuwa imepumzika, na yaya akafika kwa binti yangu mapema, kabla ya misa. Akanywa chai. Akawauliza wajukuu habari za shule. Akamsifu binti yangu kwa mandazi, ambayo, niseme ukweli, yalikuwa yameungua. Ndevu zilikuwa bado ndefu, amezichana. Alipoinuka nikainuka naye.

— Unaenda misa, yaya?

— Minaenda kutembea kidogo.

— Ngoja nivae viatu, twende wote.

— Na ile magoti? Kaa. Maliza chai yako.

— Kutembea upande gani?

— Upande ya kwetu.

— Yaya, barabara ile haiko salama. Juzi wamerudisha malori.

— Minajua.

— Batakuua bure.

Akanitazama, bila hasira hata kidogo.

— Mutoto wangu hajalala, akasema. Weye unalala?

Nilimshika mkono wa koti. Akauacha mkono wake pale kwa muda, kama mtu anayemwachia mtoto ashike, halafu akautoa taratibu, akaweka kofia, akatoka nje ya ua.

Nilimfuata mpaka barabara kubwa, kandambili miguuni. Watu wa misa walikuwa wanapita na nguo zao safi, wakitusalimu wote wawili. Penye kona ya kambi nilifikiri atapiga kona. Hakupiga. Alikwenda moja kwa moja, mwendo ule alioufanyia mazoezi kiangazi chote, si wa haraka, si wa pole. Lori la makaa likaja linatoka kaskazini, akasogea pembeni lipite, akarudi katikati ya barabara. Nilimwita. Mwenye moto mmoja akasimama kuniuliza kama nataka kumfuata, nikamwambia mfuate wewe, mrudishe, akatazama upande ule, akatikisa kichwa.

Yaya alikuwa bado anaonekana, mdogo, kwenye ule unyoofu wa barabara. Halafu akashuka mteremko.

Hakurudi.